Hisia Zilizoachwa Nje: Historia ya ADHD, Haiba ya Mpakani na Tatizo la Kumudu Mihemko

Katika tiba ya magonjwa ya akili ya Ulaya na Marekani, hali mbili zilisomwa kwa muda mrefu kana kwamba hazina udugu wowote. Ya kwanza ni ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na mhangaiko uliokithiri, ambayo huanza utotoni na kumfanya mtu ashindwe kutulia, kushika jambo moja hadi mwisho na kuzuia msukumo wa papo kwa papo. Ya pili ni tatizo la haiba ya mpakani, ambalo hujitokeza zaidi kuanzia ujanani na hutambulika kwa mahusiano yenye misukosuko, hofu kubwa ya kuachwa, kujidhuru, na hisia zinazopanda na kushuka kwa kasi. Hali ya kwanza ililelewa katika hospitali za watoto na vyumba vya madarasa, na ya pili katika vyumba vya wachambuzi wa nafsi. Vitabu vyake vilikuwa mbalimbali, walimu wake mbalimbali, na hata wagonjwa wake walidhaniwa kuwa watu wa aina mbili, kwa kuwa ya kwanza ilihesabiwa kuwa maradhi ya wavulana na ya pili maradhi ya wanawake. Hata hivyo, katika maisha ya watu wazima wenye hali hizi kuna shida moja inayojirudia pande zote mbili, nayo ni ugumu wa kumudu hisia.

Kumudu hisia si kutokuwa na hisia, wala si kuzificha mbele za watu. Ni uwezo wa kutambua kinachotokea moyoni, kupunguza makali yake, kuchelewesha kitendo mpaka akili ipate nafasi ya kupima, na hatimaye kurejea katika utulivu baada ya tukio kupita. Mtu aliyepungukiwa na uwezo huo hukasirika upesi na kwa nguvu kuliko jambo lenyewe, huumizwa na neno dogo, hutenda kabla ya kufikiri, kisha hubaki na majuto ambayo nayo huwa mzigo mpya. Historia ya hali hizi mbili inaonyesha kwamba madaktari wa mwanzo waliuona ugumu huo waziwazi, kwamba baadaye uliwekwa kando kwa sababu ulikuwa mgumu kupimwa na rahisi kulaumiwa, na kwamba ilichukua sehemu kubwa ya karne ya 20 kuurudisha mahali pake.

Madaktari wa mwanzo na lugha ya maadili

Dalili ambazo leo zingehusishwa na ADHD zilianza kuandikwa na madaktari wa Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 18. Mwaka 1775 daktari Mjerumani Melchior Adam Weikard alichapisha, bila kutaja jina lake, kitabu ambamo alieleza watu wasioweza kukaza akili kwenye jambo moja, na miongoni mwa tiba alizopendekeza zilikuwamo maji baridi, unga wa chuma na kupanda farasi. Mwaka 1798 daktari wa Scotland, Alexander Crichton, aliandika katika kitabu chake kuhusu chanzo cha magonjwa ya akili sura nzima juu ya umakini, na humo akaonyesha jambo ambalo wasomaji wa baadaye walilipita haraka. Watu aliowaeleza hawakuwa wanapotewa na mawazo tu, bali kubweka kwa mbwa, kinanda kisichopatana sauti au makelele ya ugomvi viliwatia fadhaa iliyokaribia kuwarusha akili. Kwa Crichton, kutawanyika kwa umakini na kuchafuka kwa hisia yalikuwa mambo yanayokwenda pamoja.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, Machi 1902, daktari wa watoto George Frederic Still alitoa mihadhara mitatu mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari jijini London. Alieleza watoto 20, wavulana 15 na wasichana 5, ambao akili zao za kujifunza hazikuwa na kasoro lakini ambao hawakuweza kujizuia. Katika orodha ya tabia alizoziona kwao, ya kwanza kabisa ilikuwa ghadhabu ya kulipuka, na baada yake zikafuata ukatili, wivu, uvunjaji wa sheria, udanganyifu na nyinginezo. Still alikuwa na ujasiri wa kusema kwamba chanzo cha tabia hizo kinaweza kuwa mwilini, katika ubongo wenyewe, hata pale ambapo mtoto amelelewa vyema, na kauli hiyo iliwapunguzia wazazi wengi lawama. Lakini jina alilolipa tatizo lilikuwa ukosefu wa udhibiti wa kimaadili, na kwa kutumia jina hilo aliliacha jambo la hisia mikononi mwa lugha ya wema na uovu. Mtoto alitolewa katika kundi la watundu akatiwa katika kundi la wagonjwa, ila ugonjwa wenyewe ulibaki na harufu ya dhambi, na harufu hiyo iliwafuata watu hawa hadi utu uzimani.

Vidonge vya hesabu

Kuelekea mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na baada yake, wazo la kwamba tabia hutoka katika ubongo lilipata ushahidi wa kutisha. Kuanzia mwaka 1917 hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, ulienea ugonjwa wa uvimbe wa ubongo unaoleta usingizi mzito, na watoto wengi walionusurika walibadilika tabia: waliokuwa wapole wakawa wakali, wasiolala usiku, wasiotulia mchana. Mjini Berlin, katika hospitali ya Charité, Franz Kramer na Hans Pollnow walichapisha mwaka 1932 maelezo ya ugonjwa wa watoto wenye mhangaiko uliokithiri, wakiutenganisha na matokeo ya ugonjwa huo wa uvimbe, na pamoja na mbio na vurugu za mwili walitaja hali ya moyo isiyotulia na milipuko ya hasira. Kazi hiyo haikupata nafasi ya kukua. Wote wawili walikuwa wa asili ya Kiyahudi. Kramer alikimbilia Uholanzi, na Pollnow, aliyekuwa amekimbilia Ufaransa, alikamatwa na kuuawa katika kambi ya Mauthausen mwaka 1943.

Kituo cha utafiti kikahamia Marekani. Katika jimbo la Rhode Island, George na Helen Bradley, ambao binti yao Emma aliathirika ubongo baada ya kuugua utotoni, waliacha mali yao ijenge hospitali ya watoto wenye matatizo ya akili na tabia, nayo ilifunguliwa mwaka 1931. Huko alifanya kazi ndugu wa ukoo huo, daktari Charles Bradley. Ili kupiga picha za ubongo kwa eksirei, madaktari wa wakati huo walilazimika kutoa majimaji ya uti wa mgongo na kuingiza hewa mahali pake, na watoto waliofanyiwa hivyo walibaki na maumivu makali ya kichwa. Bradley aliwapa Benzedrine, dawa ya jamii ya amfetamini ambayo huchangamsha mwili, akitumaini kwamba ingeharakisha kurudi kwa majimaji hayo. Vichwa havikupata nafuu ya maana, lakini walimu wa hospitali walileta habari nyingine: watoto walikuwa wanafanya kazi zao za shule vizuri kuliko walivyowahi kufanya, na watoto wenyewe wakaviita vidonge vile vidonge vya hesabu.

Bradley akafanya uchunguzi wa utaratibu kwa watoto 30 na kutoa ripoti yake mwaka 1937. Watoto 14 walionyesha maendeleo ya ajabu masomoni, na 15 walitulia kihisia kwa namna iliyoonekana wazi, bila kupoteza shauku ya mambo yaliyowazunguka. Ripoti hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu nusu ya watoto wale walipata utulivu wa hisia, na idadi yao ilikuwa karibu sawa na ya wale waliopata nafuu ya masomo. Kumbukumbu ya taaluma, hata hivyo, ilihifadhi hesabu na kusahau utulivu, na chaguo hilo likaelekeza utafiti wa miaka iliyofuata.

Umakini unashinda

Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, nchini Uswisi, alitengeneza methilfenideti, dawa iliyoingia sokoni miaka ya 1950 kwa jina la Ritalin, na matumizi yake kwa watoto yakaongezeka kadiri shule za Marekani zilivyojaa na kudai nidhamu ya kukaa kitini. Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani huchapisha mwongozo wa utambuzi wa magonjwa unaojulikana kwa kifupisho cha DSM, ambao ni orodha ya magonjwa pamoja na dalili zinazotakiwa ili jina litolewe. Toleo la pili, la mwaka 1968, liliita hali hii itikio la mhangaiko la utotoni, na kutia mkazo kwenye mwili unaohangaika. Kisha mwanasaikolojia Virginia Douglas wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, alionyesha katika kazi yake ya mwaka 1972 kwamba kiini cha shida kiko zaidi katika kudumisha umakini na kuzuia msukumo. Toleo la tatu la DSM, la mwaka 1980, likafuata njia hiyo na kubadili jina kuwa upungufu wa umakini, na marekebisho ya mwaka 1987 yakazaa jina la ADHD.

Ushindi wa umakini ulikuwa na sababu njema. Mtoto anaweza kuwekwa mbele ya mtambo unaoonyesha herufi moja baada ya nyingine, akaambiwa abonyeze kitufe kila herufi fulani inapotokea, na makosa yake yakahesabiwa. Ghadhabu inayolipuka nyumbani jioni, kwa sababu ya sahani iliyosogezwa au neno lililotamkwa vibaya, haina mtambo wa namna hiyo. Tiba ya magonjwa ya akili ilikuwa wakati huo ikitafuta heshima ya sayansi, na DSM ya mwaka 1980 iliandikwa makusudi ili daktari wa New York na wa California wakimwona mgonjwa mmoja wafikie jina moja. Hisia, zenye sura nyingi na zinazopatikana katika magonjwa mengi, ziliharibu usafi wa mipaka hiyo. Kwa hiyo kuyumba kwa moyo, hasira za ghafla na kushindwa kuvumilia mkwamo viliandikwa katika maelezo ya pembeni, kama mambo yanayoandamana na ugonjwa, na havikuwa sehemu ya vigezo vyake.

Mtu mmoja alikataa kuziacha. Paul Wender, daktari aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Utah, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kushikilia kwamba hali hii haiishi mtu anapoota ndevu. Mwaka 1976 yeye na wenzake walitoa taarifa ya awali kuhusu watu wazima 15 waliokuwa na dalili hizo, na kutokana na kazi hiyo vikazaliwa vigezo vya Utah vya kumtambua mtu mzima mwenye ADHD. Pamoja na mhangaiko na upungufu wa umakini, vigezo hivyo vilitaja moyo unaobadilika upesi, hasira ya karibu, na hali ya kulemewa na misukosuko ya kawaida ya maisha. Wender aliwatazama watu wazima, na kwa watu wazima hisia haziwezi kupuuzwa, kwa sababu mtu mzima hahukumiwi kwa kutotulia darasani bali kwa ndoa iliyovunjika, kazi iliyoachwa kwa hasira ya siku moja na marafiki waliochoka. Lakini hata Wender alichora mpaka wake: mtu mwenye haiba ya mpakani hakuruhusiwa kuhesabiwa chini ya vigezo vya Utah. Hisia zilirudishwa ndani ya nyumba ya ADHD, na mlango uliokuwa ukielekea nyumba ya jirani ukafungwa.

Mpaka uliotafuta nchi

Nyumba hiyo ya jirani ilikuwa imejengwa na watu wa namna nyingine. Wachambuzi wa nafsi, waliofuata mafundisho ya Sigmund Freud, waligawa magonjwa katika makundi mawili makubwa: nurosisi, ambamo mtu anateseka lakini anaujua uhalisi, na saikosisi, ambamo mtu ametengana na uhalisi, kwa mfano kwa kusikia sauti zisizokuwapo. Mwaka 1938 Adolph Stern wa New York aliandika juu ya wagonjwa ambao hawakukaa sawasawa katika kundi lolote, akawaita watu wa mpakani. Katika orodha yake ya sifa kumi alitaja wepesi wa kuumizwa uliopita kiasi, na sifa nyingine aliyoiita kuvuja damu kwa nafsi, akiwa na maana ya mtu ambaye pigo dogo humwangusha badala ya kumwamsha ajitetee. Maelezo hayo, kwa jicho la leo, ni maelezo ya mtu ambaye hisia zimemshinda. Jina lililobaki, hata hivyo, lilitaja mahali mgonjwa alipowekwa katika ramani ya madaktari, wala halikumweleza yeye mwenyewe alikuwa anapitia nini.

Kwa miaka 30 iliyofuata mjadala ulihusu ramani hiyo. Robert Knight aliandika mwaka 1953 kuhusu hali za mpakani akisisitiza udhaifu wa nguvu za ndani zinazoshikamanisha nafsi. Otto Kernberg, aliyezaliwa Vienna mwaka 1928, akakulia Chile na kufanya kazi Marekani, alieleza mwaka 1967 mpangilio wa haiba ambamo mtu humgawanya mwenzake kuwa mwema mtupu au mwovu mtupu, akishindwa kuushika wema na ubaya pamoja katika sura moja. Mjini Chicago, Roy Grinker na wenzake walichapisha mwaka 1968 utafiti uliotokana na kuwatazama wagonjwa wodini badala ya kutegemea nadharia peke yake, nao wakaikuta hasira kuwa hisia kuu. John Gunderson na Margaret Singer walikusanya maandishi yote hayo mwaka 1975 na kutoa sifa zinazoweza kukaguliwa, na mwaka 1980 haiba ya mpakani ikaingia rasmi katika DSM. Katika matoleo ya baadaye vigezo vilikuwa 9, na mtu alihitaji kuwa na 5 ili apewe jina hilo, maana yake zipo njia 256 za kulipata. Wataalamu walioandaa toleo la mwaka 1980 walikuwa wamefikiria jina linalotaja kutotulia kwa haiba, lakini jina la mpakani lilikuwa limekwisha kuzoeleka.

Madhara ya historia hii yaliwafikia wagonjwa moja kwa moja. Nadharia za wakati huo zilipendekeza mazungumzo marefu ya kuchimba yaliyofichika, na mgonjwa alipozidi kuumia, kukasirika au kujikata, kitendo chake kilisomwa kama upinzani dhidi ya daktari au hila ya kumtawala. Jina la haiba ya mpakani likawa katika hospitali nyingi onyo la kujihadhari na mgonjwa, na lugha ya maadili ambayo Still aliitumia kwa watoto mwaka 1902 ikarudi kwa wanawake watu wazima kwa mavazi mapya.

Mathari na dhana iliyotumiwa kama silaha

Mwaka uleule wa 1938, ambapo Stern aliandika makala yake, serikali ya kikoloni ya Kenya ilimkabidhi hospitali ya Mathari, jijini Nairobi, daktari J. C. Carothers, ambaye hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili alipoanza kazi hiyo. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1910, na ndani yake wagonjwa walitenganishwa kwa rangi kama walivyotenganishwa katika koloni zima. Carothers alikaa huko hadi mwaka 1950, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Waafrika kwa ujumla hawaongozwi na fikra zilizounganika bali na mihemko ya papo hapo, na kwamba hawatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo. Aliwalinganisha na Wazungu waliokatwa mishipa ya sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapisha andiko lake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, na hivyo madai ya watu waliopokonywa ardhi yakapewa maelezo ya watu wasiojimudu.

Sura hii ni sehemu halali ya historia ya kumudu hisia, kwa sababu inaonyesha upande wake wa hatari kuliko mifano yote ya Ulaya. Dhana ya kushindwa kujizuia, inapowekwa juu ya mtu mmoja anayeteseka na kuomba msaada, inaweza kumfungulia tiba. Inapowekwa juu ya kabila, jinsia au taifa zima na mtu mwenye mamlaka juu yao, inakuwa njia ya kukataa kusikiliza sababu za hasira yao. Wataalamu wa Kiafrika waliokuja baadaye, akiwamo Thomas Adeoye Lambo aliyeongoza hospitali ya Aro huko Abeokuta, Nigeria, walizipinga nadharia za Carothers kwa hoja na kwa kazi. Fundisho lililobaki ni kwamba kabla ya kuuliza kwa nini mtu hawezi kutulia, ni haki kwanza kuuliza amefanyiwa nini.

Seattle: hisia zinawekwa katikati

Swali hilo hasa ndilo lililobadilisha tiba ya haiba ya mpakani. Marsha Linehan, aliyezaliwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1943, alianza kazi katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, miaka ya 1970, akiwa na nia ya kuwasaidia watu waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kujiua. Mwaka 2011 alieleza hadharani, katika hospitali ya Institute of Living ya Hartford, kwamba yeye mwenyewe alilazwa hapo mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 17, na kwamba alikaa zaidi ya miaka 2, akijiumiza na kufungiwa peke yake. Nadharia yake ilisema kwamba haiba ya mpakani ni tatizo la mfumo mzima wa kumudu hisia, na kwamba linatokana na mambo mawili yanayolishana: mwili uliozaliwa na wepesi wa kuguswa, unaowaka kwa nguvu na kuchelewa kupoa, na mazingira yanayobatilisha hisia, yaani yanayomwambia mtoto kila mara kwamba anachohisi si kweli, kimezidi au ni utovu wa adabu. Mtoto wa namna hiyo hapati mtu wa kumfundisha jina la hisia wala njia ya kuituliza, na hujifunza kwamba husikilizwa pale tu anapofikia kilele.

Tiba aliyoibuni inaitwa tiba ya tabia ya kidayalektiki, neno linalodokeza kushika pamoja kweli mbili zinazopingana: kwamba mtu anafanya kadiri awezavyo na anastahili kukubaliwa alivyo, na kwamba hana budi kubadilika. Utaratibu wake ni wa vitendo. Mgonjwa hukutana na mtaalamu wake kila wiki, huhudhuria darasa la stadi pamoja na wengine, hujaza kila siku kadi inayoonyesha nguvu ya hisia zake na tamaa yake ya kujidhuru, na huweza kumpigia mtaalamu simu kabla hajajidhuru. Anapokuwa amejidhuru, tukio hilo huchambuliwa kiungo kwa kiungo: lilianzia wapi, neno gani lilisemwa, mwili ulihisi nini, wazo gani lilifuata, na ni kiungo kipi ambacho wiki ijayo kinaweza kukatwa. Miongoni mwa stadi zinazofundishwa ni kutumbukiza uso katika maji baridi sana kwa muda mfupi, kitendo kinachoamsha hulka ya mwili ya kupunguza mapigo ya moyo kama ya mpiga mbizi, ili dhoruba ipungue kiasi cha mtu kuweza kufikiri tena. Nyingine ni kutenda kinyume cha msukumo pale ambapo hisia haiendani na ukweli wa mambo, kama vile kumsogelea kwa upole mtu ambaye hasira inasema ashambuliwe.

Mwaka 1991 Linehan na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la wanawake 44, ambamo waliopata tiba hii walijidhuru mara chache zaidi, walilazwa siku chache zaidi na walibaki katika tiba zaidi ya wale waliopata huduma za kawaida. Kitabu chake cha mwaka 1993 kikaieneza njia hiyo katika nchi nyingi. Wakati huohuo, katika hospitali ya McLean karibu na Boston, Mary Zanarini alianza kuwafuatilia wagonjwa 290, na baada ya miaka 10 zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikuwa wamepitisha angalau miaka 2 bila kutimiza vigezo vya ugonjwa, ingawa nusu tu ndio waliofikia maisha kamili ya kazi na mahusiano. Imani ya kwamba haiba ya mpakani haiponi ikapoteza msingi wake.

Njia mbili zinakutana

Mlango ambao vigezo vya Utah vilikuwa vimeufunga ulifunguliwa tena nchini Ujerumani. Mjini Freiburg, Bernd Hesslinger na wenzake, waliokuwa wanaifahamu tiba ya Linehan, waliona kwamba watu wazima wenye ADHD walihitaji stadi zilezile za kutambua hisia, kuzuia msukumo na kustahimili dhiki, na mwaka 2002 wakatoa taarifa ya mafunzo ya kikundi yaliyotokana na tiba hiyo. Utafiti wa Alexandra Philipsen na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, uliwachunguza wanawake 118 wenye haiba ya mpakani na kukuta kwamba zaidi ya asilimia 40 walikuwa na dalili za ADHD utotoni. Baadaye watafiti wa Sweden walitumia kumbukumbu za kitaifa za zaidi ya watu milioni 2 waliozaliwa kati ya mwaka 1979 na 2001, wakakuta kwamba uwezekano wa kupewa jina la haiba ya mpakani ulikuwa mkubwa takriban mara 19 kwa mtu mwenye ADHD kuliko kwa asiye nayo, na kwamba uhusiano huo hupita pia katika ndugu wa damu. Kwa upande wa ADHD peke yake, Philip Shaw na wenzake walipitia tafiti zilizopo mwaka 2014 na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya watu wazima wenye hali hiyo, kuanzia kama theluthi moja hadi asilimia 70 kulingana na utafiti, wana ugumu wa kumudu hisia.

Kukutana huku hakumaanishi kwamba hali hizo mbili ni kitu kimoja. Katika ADHD hisia kwa kawaida hupanda haraka na kushuka haraka, huchochewa na mkwamo, kungoja au kukatizwa, na mara nyingi mtu husahau ugomvi wakati wenzake bado wanauguza jeraha. Katika haiba ya mpakani hisia huchukua muda mrefu zaidi kupoa, hufungamana na mahusiano na hofu ya kuachwa, na huandamana na utupu wa ndani, mashaka juu ya nafsi na mara nyingi kujidhuru. Dawa za kuchangamsha, ambazo ukoo wake unarudi hadi kwenye vidonge vya Bradley, ni tiba ya kwanza ya ADHD kwa watu wengi na huweza kupunguza kwa kiasi mihemko yake, ilhali haiba ya mpakani haina dawa yake maalumu, na tegemeo lake kuu ni tiba ya mazungumzo na stadi. Mtu mwenye hali zote mbili anahitaji zote mbili zitambuliwe, kwa kuwa anayetibiwa moja tu huhukumiwa kwa dalili za ile iliyoachwa.

Miongozo rasmi imefuata nyuma polepole. DSM ya mwaka 2013 ilikubali kwamba dalili za ADHD zinaweza kuanza kuonekana hadi umri wa miaka 12 badala ya 7, ikapunguza idadi ya dalili zinazohitajika kwa watu wazima, lakini hisia ikaziacha palepale pembeni. Uainishaji wa kimataifa wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ambao toleo lake la 11 lilianza kutumika Januari 2022, umeziondoa aina za zamani za matatizo ya haiba na kupima ukali wa tatizo, huku ukibakiza alama ya mtindo wa mpakani. Shirika lilelile ambalo mwaka 1953 lilitoa kitabu cha Carothers ndilo linalotoa uainishaji huu, unaokusudiwa kutumika katika nchi wanachama, zikiwamo Kenya na Tanzania. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Afrika Mashariki wana wajibu na haki ya kuupima kwa maisha ya watu wao, badala ya kuupokea kama amri.

Kwa muhtasari, kila kizazi cha madaktari kiliona kwa mgonjwa kile ambacho vifaa vyake na nadharia zake viliweza kushika. Still alishika maadili, Bradley alishika hesabu, Douglas alishika umakini, Kernberg alishika mgawanyiko wa nafsi, na Carothers, aliyekuwa na dola nyuma yake, alishika alichokitaka mtawala. Hisia zilikuwapo wakati wote, zikiandikwa katika kurasa za kila mmoja wao na kuachwa zisifanyiwe kazi. Mabadiliko yalikuja pale mgonjwa mwenyewe alipopewa nafasi ya kueleza kinachomtesa, na pale mmoja wa wale waliofungiwa wodini alipokuwa mtafiti. Kwa sababu hiyo, mtu mzima anayefika kliniki akiwa na ghadhabu zisizomtii anapozinyamazisha anastahili kuulizwa kwa utaratibu juu ya utoto wake, umakini wake, mahusiano yake na yale aliyotendewa, kabla ya kupewa jina lolote. Na familia inayoishi naye inastahili kuambiwa, kwa lugha ya wazi, kwamba kumudu hisia ni stadi inayoweza kufundishwa hata ukubwani, na kwamba kuchelewa kuipata si ushahidi wa moyo mbaya.